Jee, Kipimo cha Mwenzio ni Kosa? Maneno juu ya Sauti, Mizani na Mapatano



Katika msikiti mmoja wa mtaani kwetu alikuwako mzee akiadhini tangu ujana wake. Adhana yake aliipokea kwa mwalimu wake, na mwalimu wake kwa aliyemtangulia. Siku moja baada ya darsa, kijana mmoja katika wanafunzi wetu, mwenye adabu na bidii, alitoa simu yake yenye programu ya kupima sauti. Mtu asomapo mbele yake, mshale huonyesha sauti imesimama wapi. Ikiwa mahali pake, taa huwa kijani. Ikizidi au ikipunguka, taa huwa nyekundu. Kijana alikuwa ameinasa adhana ya mzee, akamwonyesha, akasema, "Babu, niwie radhi, sauti yako yaenda kombo. Tazama, kila ufikapo hapa mshale wasimama katikati. Si huku, si huku."

Mzee akaitazama ile taa nyekundu, kisha akanitazama mimi. Nami nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu moyoni niliamini kuwa chombo hakina jamaa wala adui, na kisemalo ndilo. Juma la pili yake mzee hakuadhini. Alisema kifua chamwuma.

Makala haya ni ya kulipa deni la kunyamaza kule. Swali letu ni hili: mtu akitoka nje ya kipimo tulichokizowea, jee, amekosea, au amefuata kipimo chengine? Na tutajuaje?

Kabla ya kuendelea twataka msomaji atufahamu vyema. Hatukuja hapa kutoa fatwa juu ya ala za muziki. Jambo hilo wanavyuoni wamekhitilafiana tangu zamani: Ibn Hazm wa Andalusi alihalalisha, na wengi katika maulamaa wa madhehebu manne wakakataza. Kila mmoja ana hoja zake vitabuni. Sisi twazungumza juu ya elimu ya sauti, ambayo wahenga wetu waliihesabu kuwa ni tawi la hisabati pamoja na elimu ya nyota na elimu ya maumbo. Anayeadhini, anayesoma kasida na anayemlaza mwanawe kwa wimbo, wote wamo ndani ya elimu hiyo, hata kama hawajapata kuishika ala mkononi.

Sasa tuanze na uzi. Uvute uzi, uupige, utatoa sauti. Ukate urefu wake nusu, uupige tena, utatoa sauti ya juu inayofanana na ya kwanza hata watu huiita sauti ile ile. Ndiyo ile inayopatikana mwanamume na mtoto wakisoma pamoja, mmoja chini na mwengine juu. Nafasi iliyo baina ya sauti hizi mbili huitwa oktava. Sasa usikate nusu, bali shika thuluthi mbili za uzi. Utapata sauti nyengine iliyopatana na ya kwanza kwa utamu mkubwa. Wayunani waliyahusisha maarifa haya na Pythagoras, lakini uzi haujui Myunani wala Mwarabu. Popote utakapoukata, mambo ni hayo hayo.

Hapa ndipo panapoanza tatizo. Mtu akitaka kupata sauti zote kwa njia hii ya thuluthi mbili, atapanda hatua moja, kisha nyengine, kisha nyengine. Akifika hatua ya 12 ataona kama amerudi kwenye sauti aliyoanzia, oktava saba juu yake. Lakini hakurudi. Zile hatua 12 huufanya mtetemo kuwa karibu mara 129.75 ya ule wa mwanzo, na oktava saba huufanya kuwa mara 128 kamili. Pamebaki kitu kidogo kilichozidi. Si kosa la aliyehesabu, wala si ubaya wa uzi. Ndivyo hesabu zilivyoumbwa: ya nusu na ya thuluthi hazikutani milele.

Sisi watu wa pwani twapaswa kulifahamu jambo hili kwa wepesi, kwa sababu twaishi na mfano wake. Mwaka wa mwezi ni siku 354, na mwaka wa jua ni 365, na zile siku 11 hakuna awezaye kuzifuta. Sisi Waislamu tumeamrishwa kuufuata mwezi, ndipo Ramadhani ikatembea katika kaskazi na kusi. Manahodha na wakulima wetu, kwa kazi ya bahari na shamba, walishika mwaka wa Nairuzi wenye miongo 36 na siku tano juu yake; na hata huo ulibakisha robo ya siku. Katika mambo kama haya masazo hayaondoki. Mtu huchagua tu atayaweka wapi, na nani atayabeba.

Basi watu wa elimu ya sauti walifanyaje na masazo yao? Baadhi yao waliziacha hatua 11 safi kabisa na kuitwika ya 12 mzigo wote. Hatua hiyo moja ikawa mbaya mno, hata watu wa Ulaya wakaiita mbwa mwitu kwa namna ilivyolia katika vinanda vya makanisa yao. Na fundi alijitahidi asiiguse kamwe. Wengine walitafuta njia ya kuugawa mzigo. Huko Uchina mwanamfalme Zhu Zaiyu alitoa hesabu yake mwaka 1584 ya kuigawa oktava sehemu 12 zilizo sawa sawa, na Simon Stevin wa Uholanzi aliifikia hesabu kama hiyo karibu na zama zile zile. Kwa mpango huu kila hatua hupunguzwa kidogo mno, mbwa mwitu akapotea, na mtu aweza kuanza wimbo kwenye sauti yoyote ya kinanda na mambo yakawa ni yale yale. Ndio mpango wa piano za leo, na ndio mpango uliomo ndani ya ile simu ya kijana wetu.

Ni mpango mwema wenye faida kubwa, nasi hatuutii ila. Lakini tazama gharama yake. Mwaka 1885 Mwingereza Alexander Ellis alitumia kipimo cha kuigawa oktava sehemu 1200, akaziita senti. Hatua safi ya thuluthi mbili ni senti 702. Ya piano ni 700. Mpunguo huo ni mdogo, sikio husamehe. Lakini ile nafasi tamu ipatikanayo kwa kushika sehemu nne katika tano za uzi ni senti 386, na piano hutoa 400. Hapo piano imezidisha senti 14, na mwenye sikio jema huzisikia. Kwa hivyo kila sauti ya piano, isipokuwa oktava yenyewe, imetoka kidogo katika uwiano safi wa uzi. Hakuna iliyo safi. Zote zimekubali kupotoka kidogo ili zote ziweze kukaa pamoja. Haya kwa lugha ya wanasheria ni sulhu, yaani mapatano. Na sulhu ni jambo la kheri. Lakini sulhu si haki yenyewe. Watu wawili waliogombania shamba wakapatana kugawana nusu kwa nusu wamefanya wema, wala mapatano yao hayathibitishi kuwa mpaka wa kale ulipita katikati.

Sasa turudi kwa Waislamu wa kale. Katika Baghdad ya zama za Harun al-Rashid alikuwako mpiga udi mashuhuri, Mansur Zalzal. Yeye aliweka mahali papya pa kidole cha kati juu ya uzi, mahali palipokuwa si huku wala huku. Baadaye mwanafalsafa al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, alipoandika kitabu chake kikubwa cha muziki alipapima mahali hapo: ukiugawa uzi sehemu 27, shika 22. Kwa senti za Ellis ni karibu 355. Piano ina sauti ya senti 300 na sauti ya senti 400, na baina ya hizo haina kitu. Sauti ya Zalzal yakaa katikati, pale pale mshale wa simu uliposimama kwa adhana ya mzee wetu. Sauti hiyo ndiyo inayoipa lahani ya Rast tabia yake, nayo Rast ni katika lahani zilizoenea mno baina ya wasomaji na waadhini.

Twaomba msomaji autazame mwendo wa al-Farabi. Hakukiandika kidole cha Zalzal peke yake. Alipaandika mahali pa kale pa kidole cha kati, akapaandika mahali pa Waajemi, akapaandika pa Zalzal, kila kimoja kwa hesabu yake. Aliupima udi, akaipima tamburi ya Baghdad na tamburi ya Khurasani. Hakuifanya moja kuwa shahidi juu ya nyengine kuwa ni kombo. Baada yake Safi al-Din al-Urmawi, aliyeshuhudia Baghdad ikitekwa na Wamongoli mwaka 1258, aliigawa oktava nafasi 17, na nafasi hizo hazikuwa sawa: 12 kubwa zaidi na tano ndogo sana. Hakuona aibu kwa kutokuwa sawa. Alitaka kila sauti iwe mahali pake, na mahali pa sauti si lazima pawe mbali kwa umbali mmoja.

Kisha zikaja zama zetu hizi za karibu, na hapo pana khabari ya kuzingatiwa. Mwaka 1932 Mfalme Fuad wa Misri aliita mkutano mkubwa mjini Cairo juu ya muziki wa Kiarabu. Walihudhuria Waarabu na Waturuki, na kutoka Ulaya wakaja wataalamu kama Béla Bartók, Paul Hindemith na Curt Sachs. Katika yaliyojadiliwa lilikuwamo hili: jee, oktava ya Waarabu ihesabiwe kuwa ni robo 24 zilizo sawa, kama walivyokwisha kuandika watu kama Mikhail Mishaqa wa Sham katika karne ya 19? Wamisri wengi walipenda hivyo, kwani wangepata mpango mmoja wa kufundishia na hata piano ya robo sauti. Rauf Yekta wa Uturuki alikuwa miongoni mwa waliopinga, akiona kuwa robo zilizo sawa si zile zisikiwazo katika lahani zenyewe. Wala hawakuafikiana. Ajabu ni kuwa baadhi ya wageni wa Ulaya ndio walioogopa zaidi kuwa piano itaziua sauti za wenyeji, na baadhi ya wenyeji ndio walioona kuwa bila ya piano hawataendelea.

Hatuwacheki Wamisri wale. Walitaka watoto wao wasome kwa utaratibu, na utaratibu si dhambi. Lakini ndani ya shauku ile palikuwa na ugonjwa ambao sisi pia tunao: mtu huanza kutumia kipimo cha mwenziwe kwa haja, kisha hukizowea, kisha hukiona ndicho maumbile, na mwisho hulionea haya sikio la baba yake.

Mfano mwengine ni wa Bara Hindi. Hamoniamu, kile kinanda cha mivukuto tunachokijua hata hapa pwani, kilibuniwa Ulaya, kikaingia Bara Hindi kikapendwa. Lakini sauti zake zimefungwa mahali pamoja, na waimbaji wa kule hutumia sauti zinazoteleza na kukaa baina ya baina. Kwa sababu hiyo redio ya taifa ya India iliipiga marufuku hamoniamu kuanzia mwaka 1940 hadi mwaka 1971. Huenda mtu akasema marufuku ya miaka 31 ilikuwa kali, na huenda akasema kweli. Lakini hukumu ile ilikuwa na fahamu ndani yake: chombo kisichoweza kuisema sauti hakifai kuwa kadhi juu yake.

Na tumtaje tena Ellis kwa insafu. Yeye mwenyewe sikio lake lilikuwa dhaifu mno katika kupambanua sauti, akitegemea sikio la sahibu yake Alfred Hipkins. Alipima ala za mataifa mengi, akafikia kusema kuwa mizani ya sauti si moja, wala haikuletwa na maumbile peke yake, bali ni mingi na imekhitilafiana mno. Mtu asiyeweza kuliamini sikio lake aliwafanyia masikio ya wengine uadilifu kuliko wengi waliojiamini. Hapa pana funzo: aliyejua upungufu wa kipimo chake hakukifanya fimbo.

Huenda msomaji akatuuliza: "Jee, Sheikh, wataka kusema kila ndege huruka kwa ubawa wake, na hakuna tena kosa duniani?" La, hasha. Kosa liko, na lazima liwepo, la sivyo hapana elimu wala mwalimu. Huko Jawa kuna kundi la ala za shaba liitwalo gamelani. Kila kundi lina mizani yake, hata ala ya kundi moja haifai kuingizwa katika kundi jengine. Lakini ndani ya kundi moja, ala iliyotoka kidogo hujulikana mara. Kadhalika mzee wetu. Lau mwanafunzi wake angeikosa ile sauti ya kati kwa kiasi kidogo, mzee angelimrudisha mara kumi. Yeye si mtu asiye na kipimo. Ni mtu mwenye kipimo ambacho simu haikukijua. Tofauti ya mambo haya mawili ni kubwa, na kuyachanganya ni dhuluma.

Wala mtu asije akayachukua maneno yetu kuyapeleka kwenye amri za Mwenyezi Mungu, akasema kuwa swala na zaka pia ni mapatano ya watu. Elimu ya kwanza katika mambo haya ni kubainisha kilicho amri, kilicho maumbile na kilicho mapatano. Kuwa nusu ya uzi hutoa oktava, hayo ni maumbile, hayana mjadala. Kuwa oktava ina vituo 12 vilivyo sawa, hayo ni mapatano. Mwenye kuyakanusha maumbile amekosea, na mwenye kuyafanya mapatano kuwa maumbile amekosea vile vile. Ila wa pili hudhuru zaidi, kwani hukosea akiwa na chombo mkononi na watu wakamwamini.

Fikiri sokoni. Zamani pishi ya mji mmoja na pishi ya mji mwengine zaweza kuwa hazikulingana. Mfanyabiashara akichukua pishi ya kwao akaenda nayo mji wa pili, akapima mchele wa mwenyeji akauona umepungua, kisha akapiga ukelele, "Mwizi!", jee, amesema kweli? Mchele umepungua kwa pishi yake, hilo ni kweli. Lakini wizi haukuwepo, na neno lake ni uzushi. Lililompasa ni kuuliza kwanza swali moja: hapa mwapima kwa pishi gani? Swali hilo ni jepesi, na mtu mzima mwenye elimu kama mimi lilimshinda katika usiku ule.

Twaona basi kuwa yapasa mambo mawili kwa kila mwenye kuhukumu. La kwanza, aulize kipimo kabla ya kutoa hukumu. La pili, kadiri kipimo chake kilivyoenea na kuaminiwa, ndivyo ajihadhari zaidi. Kwa sababu kipimo cha mnyonge kikikosea humpunja mtu mmoja, na kipimo kilichomo katika simu za dunia nzima kikitiwa mahali si pake huweza kuinyamazisha sauti iliyodumu miaka elfu na zaidi, bila ya mtu yeyote kukusudia uovu. Kijana wetu hakukusudia uovu. Mimi pia sikukusudia.

Nilipokwisha kuyasoma haya nilikwenda kwa mzee nyumbani kwake, nikamweleza khabari ya Zalzal na al-Farabi, na zile sehemu 22 katika 27. Alisikiliza kwa subira mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sheikh, hayo ya Baghdad nashukuru kuyajua. Lakini mimi sikuumwa na simu. Simu yajua nini? Niliumwa nilipokutazama, nawe ukatazama chini."

Nilimwomba msamaha, akanisamehe. Yule kijana sasa huenda kwake baada ya alasiri, akajifunza ile sauti ya kati kwa mdomo na sikio, na simu huiacha kwenye viatu. Lakini mzee hajarudi kuadhini ila alfajiri peke yake, na swala nyengine amewaachia vijana. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuuliza kabla ya kuhukumu, na atughufirie yale tuliyoyanyamazia. Wabillahi tawfiq.